Kisima Kingine cha Sadaka Hakitaiondolea Mombasa Kiu



Kila Ramadhani ikikaribia simu zetu hujaa picha za aina moja. Kisima kipya, utepe, bango lenye jina la mfadhili, watoto wamepangwa mstari na mitungi mitupu mikononi, na chini yake maneno "sadaka jaria". Komenti zote ni amin, amin, amin. Sasa pita hapo baada ya mwaka mmoja. Mara nyingi pampu imekufa, ama maji yamekuwa ya chumvi hata chai hainyweki, ama kuna mtu ametia kufuli na anauza mtungi shilingi 20.

Kabla hujaja inboksi kuniambia nazuia watu kheri, nisome kwanza. Kumnywesha mwenye kiu ni ibada, hilo halina mjadala. Mjadala ni huu: visima hivi vinamaliza kiu ya Mombasa, ama vinatusahaulisha tu ni nani anayetunyima maji? Mimi nasema ni hilo la pili. Mji huu haukosi maji kwa uchache wa visima. Unakosa kwa sababu karibu nusu ya maji yanayoletwa yanapotea njiani, kwa sababu maofisi yanadaiana, na kwa sababu sisi tunaoumia tumezoea kununua na kuchimba, hatujazoea kudai.

Tuanze na ardhi yenyewe, manake wengi hatukuwahi kuelezwa shuleni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji matamu yanapenya chini, yanakutana na maji ya bahari yaliyoingia kutoka pembeni, na yanaelea juu yake kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa hivyo tunachokiita maji ya kisima ni tabaka jembamba la utamu juu ya chumvi nyingi sana. Wataalamu wana hesabu yao: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiivuta hiyo mita 1 kwa pampu, chumvi yaweza kukupandia mita 40. Wazee wa Mji wa Kale walikuwa wakivuta kwa ndoo na kamba, kidogo kidogo, na kisima kilipata usiku mzima wa kupumzika. Leo kila ghorofa mpya ina kisima chake na pampu ya umeme, hoteli ina chake, msikiti una chake, karakana ina chake, na sasa mfadhili kutoka nje naye anataka kuongeza chake. Sote tumetia mirija kwenye gilasi moja halafu twashangaa imeisha.

Halafu kuna vyoo. Sehemu kubwa ya mji huu haina bomba la maji taka, tunategemea mashimo. Shimo la choo liko hapa, kisima kiko pale, katikati ni huo huo mwamba wa matundu. Ndio maana kila kipindupindu kikitajwa Pwani, jambo la kwanza tunaloambiwa ni tuchemshe maji. Sasa angalia lile bango la kisima cha sadaka. Lina jina la mfadhili, la marehemu aliyekusudiwa thawabu, tarehe ya kufunguliwa, pengine hata bendera ya nchi. Je, ushawahi kuona bango linaloonyesha matokeo ya kupima maji? Chumvi kiasi gani, vijidudu vya choo vimo au havimo? Mimi nimezunguka mitaa mingi kwa kazi hii na sijaliona bado.

Tukitoka kwenye visima twende kwenye mfereji, kwa sababu hapo ndipo haki yetu ilipo.

Maji makubwa ya mfereji yanayotegemewa na Mombasa yote yanatoka nje ya kaunti. Marere, kwenye vilima vya Shimba kule Kwale, tangu miaka ya 1920. Mzima, ndani ya Tsavo West kule Taita Taveta, kwa bomba la kama kilomita 220 lililojengwa miaka ya 1950. Visima vya Tiwi, Kwale tena. Na Baricho, kando ya mto Sabaki, Kilifi, ambayo pia inahudumia Malindi, Watamu na mji wa Kilifi wenyewe. Bomba la Mzima lilipolazwa nchi hii ilikuwa bado koloni. Sensa ya 1969 ilihesabu watu kama 247,000 Mombasa. Sensa ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Yaani watu wameongezeka karibu mara tano, lakini uti wa mgongo wa maji yetu bado unategemea kazi iliyopimwa kwa ajili ya mji wa babu zetu.

Na ahadi hazikukosekana. Mwaka 1974 serikali ilikuja na mpango mkuu wa maji wa kitaifa, kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba itakuwa na maji safi karibu nayo. Wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa hata huo mwaka 2000.

Leo mahitaji ya Mombasa yanakadiriwa kuwa kama mita za ujazo 200,000 kwa siku. Kinachofika hakitimii theluthi moja. Hiyo ndiyo stori tunayopewa kila mara: maji ni machache, vumilieni. Ni kweli ni machache. Lakini muulize anayekupa hiyo stori kinachofika kinakwenda wapi.

Kuna kitu wanakiita maji yasiyoleta mapato. Ni maji yaliyosukumwa kwenye bomba lakini hakuna aliyeyalipia. Mengine yamevuja kwenye mabomba yaliyooza chini ya lami. Mengine yameibwa kwa maungio ya usiku. Mengine yamepita kwenye mita iliyokufa, ama kwenye nyumba ya mkubwa ambaye hakuna anayethubutu kumpelekea ankara. Bodi ya kusimamia huduma za maji nchini, WASREB, inatoa ripoti kila mwaka. Kwa miaka mingi ripoti hizo zimeonyesha karibu asilimia 45 ya maji nchini yanapotea hivyo, na Mombasa huzunguka hapo hapo kwenye nusu. Kipimo cha bodi hiyo yenyewe ni kwamba ukizidi asilimia 25 umefeli.

Iweke kwa mitungi. Mitungi 100 ikiingia kwenye bomba, kama 45 haina hesabu. Hii ni mitungi ambayo tayari imepigwa pampu, imetiwa dawa, imesafirishwa kilomita nyingi. Gharama yake yote imeshalipwa. Halafu unaambiwa suluhisho ni mkopo mpya wa mabilioni ili maji mengine yaletwe yapitie kwenye bomba lile lile bovu. Ndoo ikiwa imetoboka, mama yako atakutuma kwa fundi wa kuziba kwanza ama atakutuma tena kisimani?

Na hapa kuna mnyororo wa madeni ambao kila kijana wa Pwani afaa kuujua kwa moyo. Mwananchi anapata maji siku moja kwa wiki, pengine upepo tu unazungusha mita, ankara inakuja, anakataa kulipa. Kampuni ya maji ya kaunti, MOWASSCO, haikusanyi pesa za kutosha. Kwa hivyo inadaiwa na shirika la serikali kuu linaloleta maji kwa jumla, lile la Coast Water Works. Shirika hilo nalo linadaiwa umeme na Kenya Power, kwa sababu Mzima maji yanateremka yenyewe kutoka juu lakini Baricho lazima pampu zizunguke usiku na mchana. Deni likizidi, umeme unakatwa. Hili si siri. Limetangazwa kwenye habari si mara moja wala mbili: Baricho imezimwa kwa sababu ya bili, na miji mizima ya Pwani ikabaki mikavu huku mto Sabaki unatiririka kuelekea baharini.

Sasa niambie, huo ni ukame gani?

Sikatai kwamba ukame upo. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na watu wa Ganze, Kinango na Tana River walizika mifugo mpaka wakachoka. Sikatai pia kwamba vyanzo vyenyewe vinaumizwa. Maji ya Mzima ni mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye mawe ya volkano na kutokea chini ikiwa safi. Msitu wa Chyulu ukichomwa, wa kuumia ni mtu wa Changamwe ambaye hajawahi hata kuuona. Sabaki nayo ni ule ule mto Athi, unaobeba uchafu wa Nairobi mpaka kwetu. Yote haya ni kweli na yanahitaji vita vyake. Lakini mtu akisimama mbele yetu akasema tu ni mtihani, tusubiri, mimi siwezi kunyamaza. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Ankara ya umeme ya Baricho ni ya binadamu, wana majina na wana mishahara.

Hebu tuongee pesa kidogo, manake hapa ndipo dhulma inapoonekana wazi. Chukua familia ya watu watano huko Kisauni ama Likoni isiyo na mfereji. Wananunua mitungi mitano kwa siku, lita 20 kila mmoja, kwa shilingi 20. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku, 3,000 kwa mwezi. Wamepata lita 3,000, yaani mita 3 za ujazo. Kwa hivyo wanalipa shilingi 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Sasa kama nyumbani kwenu mna mfereji, toa ankara yako uangalie bei ya mita moja. Utaona maskini analipa mara ngapi zaidi ya mwenye bomba. Na hiyo ni siku za kawaida. Mfereji ukikauka wiki mbili mtungi unapanda 30, unapanda 50.

Na wanapata nini kwa pesa hizo? Lita 20 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua, choo, udhu. Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji lita 50 mpaka 100. Anayelipia tofauti hiyo kwa mwili wake ni dada yako. Ndiye anayeamka saa tisa usiku kwa sababu mfereji wa mtaani unatoa saa hizo, anakaa kwenye foleni gizani, halafu asubuhi anatarajiwa darasani macho yakiwa wazi. Sisi wanaume tukija msikitini tunafungua bomba, tunalizungusha mpaka mwisho, na tunapiga soga huku maji yanakwenda. Nisemeje tena.

Sina ugomvi na kijana wa mkokoteni, huyo anatafuta riziki kwa mgongo wake na ni mwenzetu. Swali langu liko juu yake. Lile bauza la lita 10,000 linajazwa wapi? Kwa mita gani? Nani anatia saini? Kwa nini mtaa ukae mwezi bila tone na bauza lisikose maji hata siku moja? Kuna watu ambao mfereji wako ukitoa maji kila siku, biashara yao imekufa. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini bomba lililopasuka linaweza kukaa miezi bila kuzibwa.

Jibu la wakubwa kwa yote haya huwa ni mradi mkubwa. Mwaka 2018 tulitangaziwa mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari Likoni, kampuni ya Almar, mita za ujazo 100,000 kwa siku. Tukapiga makofi. Mtambo hatujauona. Bwawa la Mwache kule Kwale nalo: Benki ya Dunia iliidhinisha pesa mwaka 2014. Ukuta wa zaidi ya mita 80, mita za ujazo 186,000 kwa siku, sehemu kubwa ije Mombasa na iliyobaki ibaki Kwale. Sipingi bwawa. Likiisha na lifanye kazi, mimi wa kwanza kushukuru. Lakini miaka imekwenda, mivutano ya fidia ya ardhi imekwenda, na kila ukiuliza kuhusu bomba la mtaani kwako unajibiwa "ngojeni Mwache". Bwawa limekuwa kisingizio cha kutoziba bomba. Na hata likiisha kesho, maji yake yakiingia kwenye mtandao unaopoteza nusu, tutakuwa tumekopa ili tumwage. Mkopo huo tutaulipa sisi na watoto wetu, maji yawe yamefika ama hayakufika.

Hapa niseme kitu ambacho huenda kisipendeze wenzangu wa kisiwani. Sisi wa Mombasa twalia dhulma, lakini nasi tuna wa kuwaomba radhi. Kuna vijiji vinavyopitiwa na bomba letu, Kilifi na Taita Taveta, ambako mama anabeba maji kichwani kutoka kwenye bwawa la ng'ombe huku maji ya Mombasa yakipita chini ya miguu yake. Kule Mwache kuna familia zimehama makaburi ya wazee wao. Tukidai maji kana kwamba hao hawapo, serikali itatugonganisha, kama ilivyozoea, kaunti na kaunti. Kila mtungi tunaopoteza hapa kwa bomba bovu ni mtungi ambao wao walinyimwa. Kwa hivyo vita vya kuziba mabomba ni haki yao pia.

Turudi kwenye sadaka. Sote tumesimuliwa madrasa kisa cha Sayyidna Uthman na kisima cha Ruma pale Madina. Kisima kilikuwepo tayari. Maji yalikuwepo. Tatizo lilikuwa mwenyewe anayauza na maskini hawamudu. Alichokifanya Uthman ni kukinunua kile kile na kuondoa bei. Kisa hiki tunakisoma kila siku halafu tunakitumia kuchangishia kuchimba kisima kingine kando, na yule anayeuza tunamwacha anaendelea kuuza. Mimi naona hatujakisoma vizuri.

Pesa zinazochangwa kwa kisima kimoja zingeweza kulipia nyumba nyingi za maskini ada ya kuunganishwa mfereji na mita, ili watoke kwenye bei ya shilingi 1,000. Zingeweza kupima maji ya kila kisima cha msikiti kwenye wadi nzima na matokeo yakabandikwa mlangoni. Zingeweza kuweka matangi ya mvua. Hili la mvua linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu wazee wetu walilijua. Nenda Fort Jesus utaona birika la maji ya mvua. Nenda magofu ya Gede utaona visima na mabirika ya misikiti. Leo sisi tuna mabati kila mahali na mvua ya masika inamwagika barabarani mpaka Buxton na Mwembe Tayari kunafurika.

Piga hesabu mwenyewe. Mombasa hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka na wakati mwingine zaidi. Paa la madrasa la mita za mraba 200 linapokea lita 200,000. Toa robo na ushee inayopotea, kwa kumwagika na kwa kuosha paa mwanzo wa mvua, useme umebaki na lita 140,000. Hiyo ni mitungi 7,000. Kwa bei ya mtaani ni shilingi 140,000, zimeanguka kutoka mbinguni juu ya paa moja. Huwezi kuihifadhi yote, tangi lina mwisho wake na mvua huja kwa fujo mwezi wa nne na wa tano. Lakini hata ukikamata robo yake, udhu wa miezi kadhaa umepatikana bila kugusa kisima, na kile kisima kinapumzika. Maji ya udhu yenyewe nayo si machafu hivyo. Yaelekeze kwenye vyoo na kwenye miti ya ua. Fundi wa mtaani anaweza, hatuhitaji mshauri kutoka nje.

Lakini mvua na sadaka ni vya pembeni. Kazi yenyewe ni kudai, na hapa ndipo vijana tunapopotea. Tunajua kulalamika kwenye komenti, tunajua kutia picha ya mfereji mkavu na emoji ya kulia. Mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitwa ukumbi unajaa wazee na watu wa MCA waliokuja na basi. Mwaka wa fedha una tarehe zake na zimo kwenye sheria. Mpango wa maendeleo wa kaunti lazima ufike bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kabla ya tarehe 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo lazima wananchi wasikizwe. Ukienda mwezi wa saba kulia mbele ya afisi ya gavana, pesa zimeshagawanywa. Nenda mapema na swali moja tu: katika bajeti hii, ni shilingi ngapi za kubadilisha mabomba na mita, katika wadi gani? Wadi ziko 30. Wataje moja moja.

Na tusafishe kwetu. Mtaani kwetu tunawajua waliojiunganishia bomba usiku. Wengine ni jamaa zetu, wengine tunaswali nao safu moja. Anayevuta maji ya umma bila mita akamwagilia bustani, au akajaza tangi la kuuzia, anaiba kwa mtoto wa jirani. Tusimwite mjanja. Kuna tofauti na yule maskini aliyekataliwa kuunganishwa miaka kumi, huyo dai letu ni aunganishwe rasmi na apewe bei anayoweza. Lakini mwenye tangi la biashara hana udhuru.

Kuna wanaosema haya yote ni bure, serikali haiskii. Sawa. Lakini ushawahi kuwauliza kwa maandishi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linaweka huduma ya maji mikononi mwa kaunti, kwa hivyo gavana hawezi kukutuma Nairobi kwa bomba la mtaani. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili. Hauhitaji wakili, na hautakiwi kueleza unazitakia nini.

Kwa hivyo wiki hii kaeni watano watano, mtaa kwa mtaa, muandike kwa kampuni ya maji. Ratiba ya kugawa maji ya mtaa wetu ni ipi, na imefuatwa siku ngapi miezi mitatu iliyopita? Maji kiasi gani yaliingia kwenye eneo letu na kiasi gani yalitozwa? Mabomba yaliyoripotiwa kupasuka ni mangapi, na kila moja lilichukua siku ngapi kuzibwa? Mabauza yaliyoruhusiwa kujaza ni ya nani na yalilipa ngapi? Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, mrudi nayo. Ipigeni picha muitume kwenye ukurasa huu, tutaiweka na jina la mtaa.

Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja, wakiwa na sababu. Wasipojibu, ndani ya siku 30 tunapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Tutahesabu kutoka tarehe ya muhuri.